Maji Yaliyochukua Daftari la Afisa

"Ukikosekana leo, ni nani atakuwa wa kwanza kusema hayupo?"

Nilikuwa na miaka saba nilipoulizwa swali hilo, nimesimamishwa juu ya kreti ya soda mbele ya soko la Garsen, kipaza sauti kimesukumwa mdomoni mwangu mpaka kikagonga meno. Nilijua jina langu, jina la baba, jina la mama, na hesabu za kujumlisha. Hilo sikulijua. Aliyeuliza, mtu tuliyemwita Afisa, aligeukia umati akitabasamu kama wakili aliyeshinda kesi.

"Mnaona? Hajui. Basi sisi tutamjibia."

Watu wakapiga makofi. Sikuona walichokuwa wanashangilia, na sidhani wao walijua.

Mimi ni mtu mwenye ualbino. Nimelisema mapema ili lisije likatokea katikati kama siri. Wazazi wangu ni Wagiriama, wakulima wa mahindi na kunde nyuma ya kinu cha kusaga unga, na nimezaliwa na ngozi isiyovumilia jua mahali ambapo jua ndilo kitu pekee kisichoadimika. Kwa Afisa, hiyo ilikuwa bahati njema. Aliishi pale pale mjini, na mimi nilikuwa mfano wake wa karibu. Kila alipohitaji mtoto wa kuonyesha watu, hakuhitaji hata kupanda pikipiki.

Kwanza, hakuwa afisa. Alikuwa ameajiriwa kuandika kadi za wagonjwa katika kituo cha afya. Siku moja mradi wa kuhamasisha umma kuhusu haki zetu, sisi tunaowindwa kwa ajili ya uganga, ukatafuta mtu wa kujitolea, akapewa kipaza sauti cha mkononi na daftari kubwa la jalada gumu. Kesho yake alikuja kazini amevaa koti. Koti la kijivu, zito, katika Garsen, ambako hata mbwa hubadilisha kivuli mara tatu kabla ya saa sita. Mfukoni alichomeka kalamu nne. Niliwahi kuzijaribu zote. Iliyoandika ilikuwa moja.

Alipenda maikrofoni kuliko alivyopenda chakula, na chakula alikipenda sana. Katika kila mkutano alikula mara mbili, mara ya kwanza na wageni wa heshima, mara ya pili na sisi "walengwa," akieleza kwamba anatuonyesha mshikamano. Hotuba yake ilikuwa moja tu, nami nilikuwa naijua yote kwa moyo. Ilianza na mikono yake juu: "Hawa ni watu kama sisi!" Nilikuwa nasikia neno hilo "kama" na kutaka kutema mate. Hakuna anayepanda jukwaani kutangaza kwamba wauza samaki ni watu kama sisi.

Kwenye kipaza sauti alisema "watu wenye ualbino," kila silabi imenyooka, na aliyetumia neno baya alimkaripia mbele ya wote. Akishazima betri, aliniita "zeru wangu." Nilipomwambia kwamba ndilo neno lile lile alilolikataza, alishangaa kwa dhati. "Lakini wewe ni wangu," akasema.

Kuna mkutano mmoja sitausahau, kwa sababu nadhani haujawahi kutokea mkutano wa kipumbavu kama ule. Ulihusu hatari ya jua. Hema lilikuwa moja, na chini yake walikaa wageni kutoka Hola na wazee wa mtaa. Sisi tulipangwa mbele, juani, kwenye mabenchi ya shule, kwa sababu mpiga picha alisema kivulini hatutokei vizuri. Kisha kofia pana zikagawanywa. Zilianza kugawanywa kutoka hemani. Zilipofika kwetu zilikuwa zimekwisha. Naibu chifu, mtu mweusi tititi, alivaa yake kwa mwaka mzima. Mimi nilirudi nyumbani nikiwa na malengelenge shingoni na fulana iliyoandikwa "Nilinde."

Mama alinipaka maji ya chumvi. Nikamwambia Afisa ni mjinga. Akasema, "Nyamaza." Nilidhani alikuwa anamheshimu kwa sababu ya koti.

Lakini jambo lililonifanya nimdharau zaidi ni kile alichokiita "kumtoa mtoto." Alikibuni mwenyewe. Mtoto kama mimi akizaliwa mahali popote alipoweza kufika, Afisa alimfuata na mwavuli mweusi, akamleta pamoja na mama yake Garsen siku ya soko, akampitisha kwa kila mfanyabiashara. Kila mmoja ilimbidi amshike mtoto na kutamka jina lake. Si kumtazama tu. Amshike, aseme jina.

Mimi nilitolewa nikiwa na miezi minne. Mama amenisimulia mara nyingi. Msomali mwenye duka la sukari na nguo alinipokea vizuri, akaniombea dua, akasema jina langu mara tatu kwa furaha. Mama anayeuza mahamri mkabala na kituo cha afya alinishika kwa mikono yenye unga, nikabaki na alama za vidole mgongoni. Taabu ilikuwa kwa Mworma mmoja muuza mbuzi, mzee mrefu, ambaye alirudi nyuma.

"Mimi sishiki," akasema. "Nina mbuzi wenye mimba."

"Mbuzi wako watazaa mbuzi," Afisa akamjibu. "Mshike."

"Afisa, niache. Hii ni mambo yenu."

"Sina haraka. Nitasimama hapa mpaka soko lifungwe, na hakuna atakayeona mbuzi wako maana nitasimama mbele yao na mwavuli."

Mzee akatazama wateja wake wakipinda shingo. Akanishika kwa ncha za vidole, kama mtu aliyepewa sufuria la moto.

"Jina lake?"

"Kadzo."

"Sema wewe."

"Kadzo. Kadzo! Basi, chukua."

Mnaweza kuona uzuri katika kisa hicho. Mimi niliishi na matokeo yake. Sikuwahi kupita Garsen kama mtu anayepita. "Kadzo! Kofia iko wapi?" "Kadzo, mbona peke yako?" "Kadzo, mama anajua uko huku?" Muuza mbuzi, ambaye baada ya siku ile alijiona ana hisa ndani yangu, aliwahi kunifuata kutoka sokoni hadi dukani akitaka kujua kwa nini nimekonda. Nilipokuwa na miaka kumi na sita nilikaa kwenye steji ya mabasi na mvulana wa kidato cha nne, tukanywa soda moja. Nilipofika nyumbani mama alikuwa ameshajua ladha ya soda. Wasichana wengine walikuwa na mji. Mimi nilikuwa na walinzi, nao niliwekewa kabla sijaota meno.

Na huyo mpiga vita wa ushirikina alikuwa mshirikina. Alasiri alicheza drafti na madereva wa malori, kwa vizibo vya soda. Kama mchezo ulikuwa mgumu, aliniita nikitoka shule.

"Njoo, mwanangu. Shika hivi vizibo kidogo."

"Kwa nini?"

"Shika tu."

Nilishika. Akishinda, alinipa peremende. Nilikuwa na miaka tisa, na ilinichukua mwaka mzima kuelewa nilichokuwa nafanyishwa. Nilipoelewa nilivimwaga vizibo vyote kwenye vumbi mbele ya madereva, nikamwambia, "Nenda kaseme hili kwenye kipaza sauti chako." Wakacheka mpaka mmoja akalowesha shati kwa chai. Afisa aliinama akaokota kizibo kimoja kimoja. Hakuniita tena. Hakuomba radhi pia.

Sasa daftari. Ndani yake aliandika kila mtu mwenye ualbino aliyemjua, kutoka Kipini baharini, akipanda na mto kupitia Garsen na Ndera hadi Nanighi. Hakuandika jina tu. Aliandika umri, jina la mama, shule, na chini ya ukurasa alichora ramani ya njia ya nyumbani: kisima hapa, mkwaju pale, nyumba ya mlango wa kijani. Nilikuwa na ukurasa wangu na kinu cha unga kilichochorwa kama mnara. Losheni ya kukinga jua ililetwa kwa majina hayo. Jina lililokuwa kwenye daftari lilipata chupa, lisilokuwamo halikupata. Kwa hiyo daftari lile lilikuwa ngozi zetu, na alilibeba kwapani mchana kutwa kama anayebeba gazeti.

Mwaka nilipotimiza kumi na miwili, likapotea.

Liliitwa baraza. Mkubwa wa mradi alitoka Hola amekasirika. Akamsimamisha Afisa mbele ya watu wote, na kwa mara ya kwanza sisi tukakaa hemani.

"Daftari liko wapi?"

"Maji yamechukua."

Watu wakaanza kucheka. Ule ulikuwa mwaka wa kiangazi. Mto Tana ulikuwa umebaki michirizi ya tope na mchanga katikati.

"Maji gani, Afisa?" muuza mbuzi akapaza sauti. "Jana mbuzi wangu wamevuka, hata tumbo halikulowa!"

"Maji yamechukua."

"Labda ni pombe ya mnazi iliyochukua!" mtu akapiga kelele nyuma, na baraza lote likaangua kicheko.

Nilicheka kuliko wote. Nilicheka mpaka mama akanifinya paja kwa nguvu iliyoacha alama. Yeye hakucheka. Afisa alisimama na koti lake, akaulizwa mara ya tatu na ya nne, akajibu vile vile, kama redio iliyokwama. Wakamnyang'anya kipaza sauti pale pale. Kazi akapewa kijana mmoja mwenye tableti, ambaye aliahidi kutusajili upya kidijitali.

Kijana wa tableti alifika kila mahali gari lilipofika. Gari halikufika mahali pengi. Hata sisi wa mjini tulikaa misimu miwili ya kiangazi bila chupa moja. Mama alinifunika leso, alinipaka mafuta ya nazi, alinikataza kutoka mchana. Kidonda kikaota kwenye ncha ya sikio langu la kushoto, kikakauka, kikarudi. Daktari wa Malindi alikata ncha ile akasema tumewahi. Kule Ndera kulikuwa na fundi viatu, mtu mzima mwenye ualbino kama mimi, aliyefanya kazi nje kwa sababu kibanda chake hakikuwa na paa la maana. Yeye hakuwahi. Alifariki kwa kidonda cha shavu.

Hapo dharau yangu ikapata mizizi. Kabla ya hapo nilimdharau kama mtu anayechekesha. Baada ya sikio na baada ya fundi viatu, nilimdharau kama mtu aliyekabidhiwa ngozi za watu akaziacha mahali akilewa, kisha akakosa hata akili ya kutunga uongo unaofanana na hali ya hewa.

Naye kana kwamba hakufukuzwa, akaanza kutuzungukia. Kila Jumatatu asubuhi alifika kwenye ua wetu, bado na koti, bila kipaza sauti, bila daftari. Hakuingia. Hakusalimia. Alisimama nje akaita:

"Kadzo!"

"Naam!"

"Haya."

Akaondoka. Hilo tu. Niliambiwa anafanya hivyo katika nyumba zetu zote za Garsen, na siku nyingine huonekana akitembea kwa miguu barabara ya kwenda vijijini, vumbi mpaka magotini. Watu walisema amechanganyikiwa baada ya kupoteza kazi. Mimi nilisema hakuwa na akili ya kuchanganyikiwa.

Jumatatu moja nilikataa kuitika. Nilijificha nyuma ya jiko nikiwa na kitabu.

"Kadzo!"

Nikafungua ukurasa.

"Kadzo!"

Aliita kwa muda wa kusoma kurasa kumi. Kisha akaacha kuita, lakini hakuondoka. Nilichungulia nikamwona amesimama juani, jasho limelowesha kola, macho kwenye mlango wetu. Mama alirudi kutoka kinuni, akamkuta vile, akatua unga chini. Sikuwa nimewahi kumwona mama akikimbia kabla ya siku ile. Aliponipata nyuma ya jiko alinipiga kwa fimbo ya kupigia kunde, yeye ambaye hakuwa mtu wa kupiga.

"Ukiitwa na yule mzee, itika! Hata ukiwa chooni, itika!"

"Kwani yeye ni nani?"

"Itika!"

Nikatoka nikilia, nikasimama mbele ya ua. "Naam," nikasema, kwa chuki yote iliyoweza kukaa ndani ya neno hilo dogo.

"Haya," akasema. Akajifuta uso, akaenda zake.

Nilikwenda chuo kikuu, nikafundishwa kudai ushahidi. Likizo moja nikaamua kumfungia Afisa kesi yake mara moja. Nilikuwa na kila kitu: picha ya shule ya mwaka ule, sisi tumesimama katikati ya mto mkavu tukiwa na viatu, maelezo ya wakulima watatu, na sikio langu. Alikuwa amerudi kwao, kijiji cha Hewani. Nikapanda pikipiki nikamfuata.

Nilimkuta amekaa kwenye kitanda cha kamba pembeni mwa shamba la mahindi, karibu na msitu wa mto. Macho yalikuwa yamekwisha. Kazi aliyoachiwa ilikuwa kufukuza nyani: pembeni yake palikuwa na rundo la madongo, naye alirusha kila aliposikia majani yakitikisika. Nilipokaribia, dongo moja lilinipita kwenye goti.

"Shikamoo, Afisa. Mimi si nyani."

"Marahaba. Hiyo sauti ni ya Garsen."

"Ni Kadzo."

"Umevaa kofia?"

"Nimevaa." Nikakaa juu ya mzizi. Sikutaka kuzunguka. "Mwaka ule wa daftari, mto ulikuwa mkavu."

"Ulikuwa mkavu kabisa," akakubali.

"Basi maji gani?"

Akacheka kidogo, meno mawili. "Umesoma wewe."

"Nimekuuliza, Afisa. Mimi nimekatwa sikio. Fundi viatu wa Ndera amekufa. Niambie ulikuwa umelewa, nitakuelewa kuliko hili la maji."

Akanyoosha mkono hewani akitafuta. Sijui kwa nini nilisogea. Vidole vyake vikagusa ncha ya sikio isiyokuwapo, vikakaa pale, vikarudi kwenye goti lake.

"Hilo liko juu yangu," akasema. "Na la fundi liko juu yangu. La daftari, maji yamechukua."

Nilisimama niondoke. Ndipo akaanza. Alianza na Kipini, jina moja baada ya jingine, kila jina na mama yake na njia ya kwake: mkono wa kushoto baada ya msikiti mdogo, nyumba ya pili kutoka kisimani. Alipanda na mto kijiji kwa kijiji, na baada ya kila jina alisema "yupo," au "ameolewa Witu, yupo." Alipofika Ndera alitaja fundi viatu na njia yake yenye kona nyingi. "Hayupo," akasema, akapumzika. Aliendelea hadi Nanighi. Kisha akarudi Garsen, ambayo alikuwa ameiruka.

"Kadzo, nyuma ya kinu. Yupo?"

"Si umenishika sikio sasa hivi?"

"Yupo?"

"Yupo."

"Haya."

Akarusha dongo msituni. Nilirudi kwenye pikipiki nikiwaza kwamba nimepoteza siku nzima kusikiliza hotuba ya mwisho ya mtu asiyeweza kuishi bila watu wa kumsikiliza. Alifariki kabla ya mvua zilizofuata. Sikwenda kuzika. Nilikuwa na mitihani, na hata bila mitihani nisingekwenda.

Miaka ikapita. Mama yangu naye akafariki, bila kunieleza kitu. Mwaka jana nilikuwa nakunywa chai kwa yule mama wa mahamri, ambaye sasa ni mzee lakini bado anakanda mwenyewe. Akataja Afisa, nami nikatoa mzaha wangu wa zamani wa maji na mbuzi. Hakucheka. Alinitazama kama anayetazama mtu aliyechelewa sana.

Alidhani najua. Mama yangu alijua tangu siku ile ile. Aliyemwambia ni huyu mama wa mahamri mwenyewe.

Asubuhi moja ya kiangazi kile watu wawili walikuja kituo cha afya na gari safi. Walikuwa na barua yenye muhuri wa ofisi. Walitaka waachiwe daftari la Afisa siku moja tu, wanakili kurasa zenye ramani. Afisa aliisoma barua, akawaambia warudi saa sita. Kwa sababu ya muhuri ule, hakujua angemshtakia nani. Walipoondoka alivuka barabara na daftari, akakaa kwenye kigoda mbele ya moto wa karai la mahamri. Alisoma ukurasa wa kwanza kwa sauti, akafumba macho, akaurudia. Alipokosea alifumbua, akasoma tena. Alipopatia, aliuchana akautia chini ya karai. Alifanya hivyo ukurasa kwa ukurasa, mpaka jalada. Mahamri yote ya siku ile yalitoka meusi.

Wale watu waliporudi aliwaambia maji yamechukua. Wakamuuliza angalau mtoto mmoja, yule wa hapa hapa mjini, msichana, anayeitwa Kadzo. Afisa akasema hamjui. Wakamuuliza mama wa mahamri, akasema hamjui. Wakaenda kwa Msomali wa duka, wakaenda steji, wakaenda mpaka kwa mzee wa mbuzi.

Ilikuwa siku ya soko, na hakukuwa na mtu hata mmoja aliyewahi kulisikia jina langu.